Kutoka Tanuri la Udongo hadi Springi ya Lori: Habari za Uhunzi wa Kwetu, na Neno kwa Anayetaka Kujifunza

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya kazi ninayoifanya tangu nilipostaafu ualimu, yaani kufua visu. Nadhani alitarajia ukurasa mmoja wa kuchekesha juu ya mwalimu wa historia aliyegeuka mhunzi uzeeni. Nilimjibu kwamba kazi hiyo haielezeki bila historia yake, na kwa kuwa mwalimu akishashika chaki ni vigumu kumnyang'anya, amenipa nafasi hii. Wale niliosoma nao bweni moja watanivumilia kama zamani. Ninyi mlioko madarasani sasa msiwe na hofu; hakuna mtihani mwishoni.

Kila ninapomwonyesha mtu kisu nilichokifua, swali la kwanza huwa ni lile lile: mababu zetu walipata wapi chuma kabla ya meli na reli? Wengi, tena waliosoma, hudhani kililetwa chote na wageni. Ukweli ni kwamba kilitoka chini ya miguu yetu. Katika sehemu nyingi za nchi zetu za Afrika Mashariki mkulima akipiga jembe hukutana na mawe meusi, mazito, mengine yaking'aa kama chupa iliyoungua. Hayo si mawe ya kawaida. Wazee wameyaita mavi ya chuma, nalo ni jina linalostahili, kwa maana ni uchafu uliotoka tumboni mwa tanuri, na popote yalipo, hapo palikuwa na watu waliojua kazi.

Naomba nieleze kidogo jinsi kazi hiyo inavyokwenda, kwa sababu bila kuielewa mtu hataona ukubwa wake. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa tayari, ila kile kidogo sana kilichoanguka kutoka angani. Hupatikana kikiwa kimeshikamana na oksijeni katika mawe mekundu au meusi, au katika mchanga mzito mweusi unaobaki mtoni baada ya mvua. Madini ghafi ya namna hiyo huitwa mtapo. Kazi ya tanuri ni kukitenganisha chuma na oksijeni kwa moto wa makaa ya miti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika matanuri ya wazee wetu chuma chenyewe hakikuyeyuka na kumiminika kama maji. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi. Uchafu wake huyeyuka mapema zaidi, karibu na nyuzi 1,200, ukatiririka chini na kuganda. Kinachobaki katikati ya makaa ni bonge lenye matundu kama sifongo, chuma na uchafu vikiwa bado vimechanganyika. Bonge hilo hutolewa, hupasuliwa, huchomwa tena na kupondwapondwa mpaka lipatikane pande safi linaloweza kufuliwa jembe au mkuki. Kwa hiyo kulikuwa na kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kuyeyusha mtapo na kufua chuma. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu historia yote inayofuata imesimama juu yake.

Mahali panapojulikana zaidi kwa habari hizi ni Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku, wazee walikuwa na masimulizi juu ya Mfalme Rugomora Mahe aliyewaamuru watu wake wajenge mnara wa chuma ili afike mbinguni, mnara ukaanguka. Hapo hapo palikuwa na mti wa heshima uitwao Kaiija, jina linalohusiana na mahali pa kufulia chuma. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliyasikiliza masimulizi hayo, akachimba mahali alipoonyeshwa mwaka 1970. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo vipimo vya kaboni vilionyesha kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, na kila mwaka nililieleza jambo hili kwa furaha, kwa sababu linamkumbusha mwanafunzi kwamba hadithi ya bibi si upuuzi. Mfalme Rugomora aliishi karne nyingi baada ya chuma hicho kufuliwa, lakini watu walikuwa wamelishika lile eneo katika kumbukumbu, wakalifunga katika hadithi ya mnara ili lisipotee.

Jambo kubwa zaidi lilifuata mwaka 1976. Schmidt, pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri na kuyeyusha mtapo kama walivyofanya ujanani. Tangu waiache kazi hiyo ilikuwa imepita miaka hamsini hivi. Chuma cha dukani kilikuwa kimekuwa rahisi, matanuri yakazimwa, vijana wakageukia kahawa na mambo mengine. Wazee wakakubali. Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu usiopasuka upesi motoni, wakachoma majani ya kinamasi ndani yake mpaka shimo likajaa ukaa wa majani. Juu ya shimo wakajenga kuta kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo huo huo wa kichuguu. Wakaingiza makewa, yaani mabomba ya udongo ya kupitishia hewa, wakaweka mivukuto, wakaanza kuvukuta.

Hawakufaulu mara moja, na hili ndilo ninalotaka ndugu wasomaji walitazame vizuri. Watu hawa hawakuwa wageni wa kazi. Wameifanya, wameiona, wamekula kwayo. Lakini nusu ya ujuzi wao ulikuwa mikononi, nao mkono usiotumika husahau. Iliwabidi wabishane, wajaribu, wabadilishe, wakumbushane, mpaka bonge zuri likapatikana. Na lilipopatikana, sehemu zake hazikuwa chuma laini tu. Zilikuwa pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali.

Habari hizo zilichapishwa katika jarida la Science mwezi Septemba 1978, na magazeti ya Marekani yakazipamba. Schmidt na Avery walisema kwamba makewa ya Wahaya, kwa kuwa yaliingizwa ndani sana ya tanuri, yaliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba ndiyo sababu joto lilipanda hadi kupita nyuzi 1,800 mbele ya makewa. Wataalamu wengine walilipinga jambo hilo la kupasha hewa, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Nimewasikia wenzetu wakilichukua kama tusi, kana kwamba kumhoji Schmidt ni kumdharau babu. Sioni hivyo. Pua ilipatikana, watu waliiona, ikapimwa. Namna hewa ilivyopata joto ni swali la wanafizikia, nao waachwe walijibu. Sifa ya wazee wa Buhaya haihitaji kutiwa chumvi.

Wala wasidhani watu wa pwani au wa milimani kwamba Wahaya walikuwa peke yao. Ufipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, ambayo hayakuhitaji mivukuto; upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini, ukavutwa juu na joto. Bonge lililotoka humo lilikuwa bado chafu, likatiwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto ili lisafishwe. Mabaki ya matanuri hayo marefu yamesimama mpaka leo katika baadhi ya mashamba na mapori ya huko. Sehemu za Geita, Warongo waliyeyusha na kufua majembe yaliyonunuliwa Usukuma na Unyamwezi, na katika sehemu nyingi jembe lilikuwa pia mahari. Pwani nayo ina habari zake. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba biashara ya chuma iliwapa faida kubwa kuliko zote. Baadaye mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi wa visu, panga na kazi za ngozi.

Lakini mfano unaonipendeza kupita yote ni ule wa Upare na Kilimanjaro, kwa sababu unaonyesha namna kazi ilivyogawanywa. Wapare waliokota mchanga wa chuma katika vijito vyao na kuuyeyusha. Ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala Ugweno hapo kale, mpaka ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Habari hizo amezieleza Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Chuma cha Upare kikapandishwa Uchagani. Wahunzi wa Kichaga wakakifua mikuki na sime. Na mikuki ile ikashuka tena nyikani mikononi mwa Wamasai, ambao kwa desturi zao hawakuruhusu mtu yeyote isipokuwa koo maalumu za wahunzi kushika nyundo. Mtu mmoja aliokota mchanga, wa pili akapiga nyundo, wa tatu akaenda vitani, na wote watatu pengine hawakuelewana lugha.

Kuhusu hadhi ya mhunzi, desturi zilitofautiana mno. Kwa Wamasai wahunzi walitengwa, hawakuoana na wengine, hata kugusa kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi kulihitaji kujipaka mafuta kwanza. Huko Ugweno, kama nilivyosema, walikuwa watawala. Karagwe, miongoni mwa vitu vya heshima vya mfalme pale Bweranyange, palikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma, mikuki na nyundo. Ila kote, awe mfalme au mtu wa kutengwa, mhunzi aliogopwa. Anayegeuza jiwe kuwa jembe ni mtu wa kumwangalia kwa makini. Na kazi ya kuyeyusha ilizungushiwa miiko mizito. Wafanyakazi walijitenga na wake zao siku za kazi. Ufipa tanuri lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, kisha kama mama anayejifungua, na dawa zikafukiwa ndani yake. Wamisionari walipoona hayo waliona ushirikina mtupu. Mimi naona kwamba katika miiko hiyo kulikuwa pia na daftari la fundi: miti ipi ichomwe makaa, udongo upi, siku zipi, nani afanye nini na kwa utaratibu gani. Mtu asiyeandika hushika utaratibu kwa kuuimba na kuuogopa.

Basi, kazi hiyo ilikufaje? Watu hupenda jibu fupi, kwamba mkoloni aliiua. Ana sehemu yake, na si ndogo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na pamoja nayo majembe ya viwanda vya Ulaya. Jembe la mhunzi lilikuwa na siku nyingi ndani yake: kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mtapo, kujenga tanuri, kuvukuta, kuponda bonge, ndipo kufua. Jembe la dukani lilikuwa na bei tu. Kisha kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilitoka kwenye kahawa, pamba na mkonge, si kwenye mtapo. Katika sehemu nyingi, kufikia miaka ya 1920 na 1930, matanuri yalikuwa yamepoa.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yalianza kabla bendera ya kigeni haijapandishwa. Wasafiri waliofika Kilimanjaro katika miaka ya 1880 waliwakuta wahunzi wa Kichaga tayari wakifua mikuki kwa seng'enge nene zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Mhunzi hakuona aibu kuacha bonge la Upare akachukua waya wa Ulaya. Ulimpunguzia kazi, na mkuki ukatoka mrefu zaidi. Hapo ndipo ile tofauti niliyosema mwanzoni inapopata maana. Kuyeyusha kulihitaji kijiji kizima, msitu, mtapo na miiko. Kufua kulihitaji mtu mmoja, mtoto wa kuvukuta, na kipande cha chuma, kiwe kimetoka popote. Kazi ya kwanza ilikufa. Ya pili ilibadili chakula tu, ikaendelea kuishi: kwanza seng'enge, baadaye mabaki ya reli, na magari yalipoanza kuharibika barabarani, springi zake.

Ndiyo sababu mtu anayetaka kujifunza leo hana haja ya kuanza na tanuri. Mlango ulioachwa wazi ni ule wa kufua.

Mimi niliuingia mlango huo huko Mamba, Kilimanjaro, jirani na Marangu, ambako wahunzi wa Kichaga bado wapo, na wageni wanaopanda mlima hupelekwa kuwatazama. Nilipofika nilidhani nitaulizwa ukoo wangu. Sikuulizwa. Mzee aliyenipokea aliniketisha kwenye mivukuto, mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, nikavukuta siku ya kwanza yote bila kugusa nyundo. Mkono wa kulia ukishuka wa kushoto unapanda, na pumzi isikatike. Ikikatika moto unahema, na moto ukihema rangi ya chuma inadanganya. Siku ya pili nilimwuliza, kwa adabu, kwa nini ananifundisha mimi nisiye wa ukoo. Akacheka. "Wanangu wanaendesha bodaboda, mwalimu. Nimfundishe nani?"

Sina jibu la swali lake mpaka leo, na nimelinukuu hapa ili wanafunzi walisome. Kati ya wazee wa Buhaya kuacha tanuri na kulijenga tena ilipita miaka hamsini tu, na bado ilikuwa karibu waende na kazi yao kaburini. Laiti Schmidt angekuja miaka kumi na mitano baadaye, angekuta mavi ya chuma na hadithi ya mnara.

Sasa neno kwa anayetaka kujaribu. Visu visikutishe, lakini usianze na kisu. Anza na ndoano ya kutundikia nyama, kisha tindo, kisha mundu mdogo, ndipo kisu. Chuma cha kujifunzia ni nondo, maana ni laini na bei yake ndogo, ila nondo ya kawaida haina kaboni ya kutosha. Utaitumbukiza majini hata mara mia, haitashika makali. Kwa kisu tafuta bamba la springi ya lori. Lina kaboni kama asilimia 0.6, na hilo ndilo linalolifanya liwe gumu likipozwa ghafula. Mzee wa Mamba hakuwahi kusikia neno kaboni. Hugonga bamba kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, na sikumwona akikosea. Mimi ambaye sikio langu limezeeka hutumia grinda: cheche za nondo ni ndefu na nyofu, za springi hupasukapasuka kama fataki ndogo. Vipande vya mabati au bomba lililopakwa zinki usivitie motoni kabisa. Moshi wake ni sumu.

Vifaa havihitaji utajiri. Kipande cha reli hufanya fuawe nzuri. Nyundo ya kilo moja yatosha, kubwa zaidi itakuvunja kiwiko kabla ya chuma kuvunjika. Koleo utaifua mwenyewe kwa nondo, na ukimaliza kuifua utakuwa umejua nusu ya kazi. Jiriwa, tupa, msasa, mkaa wa kawaida wa jikoni, na feni ndogo kama huna ngozi za mbuzi. Vaa pamba, si nailoni, kwa kuwa nailoni ikishika cheche huyeyukia mwilini. Miwani ya kukinga macho si anasa.

Fulia kivulini. Hili si jambo la starehe: juani huoni rangi, na rangi ndiyo kipimo chako. Chuma hupita wekundu wa giza, kisha wekundu wa damu, rangi ya machungwa, manjano, na hatimaye weupe unaotoa cheche, ambao maana yake ni kwamba chuma kinaungua. Springi hufuliwa kwenye rangi ya machungwa. Ikirudi kwenye wekundu wa giza, acha kupiga, maana itapata nyufa usizoziona. Neno ambalo mzee alinirudia mara nyingi ni hili: "Mkono usitangulie jicho, mwalimu." Nimewaambia wanafunzi jambo hilo kwa miaka thelathini kuhusu kusoma swali kabla ya kujibu, lakini yeye alilisema kwa maneno machache zaidi.

Kisu kikishapata umbo, huchomwa mara mbili au tatu na kuachwa kipoe chenyewe taratibu, ili mkazo wa nyundo uondoke ndani. Kisha kinapigwa tupa, lakini makali yasifikishwe mwisho. Yaachwe na unene wa sarafu. Ndipo inakuja saa ya kuogopesha, kukitia ugumu. Chuma kikifika joto linalotakiwa huacha kushikwa na sumaku; hilo hutokea karibu na nyuzi 770. Kipashe zaidi kidogo, rangi ionekane sawasawa kuanzia ncha hadi shina, kisha kitumbukize katika mafuta yaliyopashwa, kikiwa wima, bila kukiyumbisha ubavu. Maji ni ya haraka mno kwa springi. Mara nyingi utasikia mlio mdogo, na mlio huo ni kisu kikipasuka. Kikitoka salama, jaribu kwa tupa: tupa itateleza kama inapita juu ya kioo.

Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kisu hicho ni kigumu lakini kikianguka sakafuni kitavunjika. Lazima kilegezwe. Kisugue mpaka king'ae, kisha kipashe pole pole, mbali na miali, na uangalie rangi zinavyotambaa juu yake: kwanza manjano kama majani makavu, kisha hudhurungi, zambarau, na mwisho buluu. Manjano hutokea kwenye nyuzi 200 na kitu, buluu karibu na 300. Kwa kisu cha jikoni simamisha kwenye manjano. Kwa panga la kupiga miti liache lifike hudhurungi au zambarau. Nina jirani mwenye tanuri la mikate, naye huniruhusu niweke visu vyangu humo mikate ikishatoka. Wateja wake hawajui. Mpini wa mninga hufanyika kwa urahisi. Wa mpingo utakuzeesha, lakini utadumu kuliko wewe.

Wengine wataniuliza faida iko wapi, ikiwa kisu dukani hakifiki bei ya gunia la mkaa. Ni kweli. Nawajibu kwa habari ya ugenini. Katika Marekani, traktori na kiwanda vilimwondoa mhunzi kijijini kama kwetu, pengine kabisa zaidi. Katika mwaka 1969 Alex Bealer alitoa kitabu juu ya ufundi huo, na mwaka 1973 wahunzi wachache, wengi wao wa kujifurahisha, walianzisha chama chao katika jimbo la Georgia. Mwaka huo huo fundi mmoja wa Maryland, William Moran, alionyesha hadharani visu vilivyofuliwa kwa kuunganisha tabaka za chuma na pua, kazi ambayo watu wa huko walikuwa wakiiita siri iliyopotea. Yeye na wenzake wakaunda chama cha wafua visu mwaka 1976. Tazameni mwaka huo. Wazee wa Buhaya walikuwa wakivukuta tanuri lao mwaka ule ule, hawajuani, kila upande ukitafuta kile ambacho babu zake walikiacha. Tofauti ni kwamba kule wanaofua kwa kujifurahisha waliendelea kuongezeka, wakaandika, wakafundishana mpaka leo. Huku tanuri la Buhaya lilibaki katika vitabu vya wataalamu, na wahunzi wetu wa kweli wakaachiwa watalii.

Karakana ya shule yetu, kama mnavyokumbuka, ina ukumbi wa nyuma wenye kivuli cha mwembe. Mkuu wa shule ameniruhusu niwashe moto hapo siku ya mkutano wetu, baada ya chakula cha mchana. Nitaleta fuawe ya reli, nyundo tatu na gunia moja la mkaa. Mwenye gereji na alete vipande vya springi vilivyovunjika, si lazima viwe virefu. Urefu wa kiganja na nusu watosha. Wanafunzi watakaopenda kujaribu waandikishe majina kwa mwalimu wa ufundi, wasizidi kumi na wawili, nao waje na mashati ya pamba na viatu vilivyofunikwa. Nimeazima pia mivukuto ya ngozi ya mbuzi kutoka Mamba, nayo inahitaji watu wa kupokezana. Wale wenzangu waliokuwa wakijisifu kwa pumzi katika timu ya mpira wasikae mbali.